Afya ya Nyumbani: Yai na Kiini Chake



Mwezi uliopita tulipokea barua tatu, nazo zote zauliza neno moja. Ya kwanza yatoka kwa mwalimu wa shule huku Uru Kaskazini, ya pili kwa mama mmoja wa Shimbwe, na ya tatu haikutiwa jina. Lakini mwandiko wake twaujua, kwa maana ni wa mtu yule ambaye kila Jumapili, mnada wa sadaka unapofanywa nje ya kanisa, huyanunua mayai kwa bei ambayo mwingine hawezi kuifikia. Wauliza hivi: Je, ni kweli kwamba kula yai zima, ute pamoja na kiini, humjaza mtu mafuta katika damu hata moyo wake ukasimama? Na je, yafaa kukitupa kiini na kula ute peke yake, kama wafanyavyo wengine siku hizi mjini?

Tungependa kujibu kwa neno moja, lakini haiwezekani. Tena tuna sababu ya kujibu kwa uangalifu, nayo ni kwamba swali hili tulikwisha kulijibu zamani kidogo, na tulilijibu vibaya.

Ilikuwa hivi. Tulikwenda kupimwa damu katika zahanati moja, na aliyetusomea karatasi akasema kolesteroli yetu imepanda. Tukamwuliza, “Tufanyeje?” Akajibu, “Acheni mayai,” akamwita mgonjwa mwingine. Basi tukarudi nyumbani na maneno yale mawili kama mtu aliyepewa elimu kubwa. Haikupita wiki mbili, tukasimama mbele ya akina mama wa jumuiya, tukawaambia kwamba yai ni sumu iendayo polepole, na kwamba nyumba yenye busara huyauza mayai yake. Hakuna aliyetutuma kusema hayo. Lakini mwalimu akisema, watu husikia.

Katika kikao kile alikuwamo mjane mmoja anayelea wajukuu wawili wa binti yake. Alikuwa na kuku wanne, na desturi yake ilikuwa kumpa kila mtoto yai moja siku moja, na siku ya pili kuyaacha yakusanyike. Tangu siku ile aliyakusanya yote, akayauza kwa kijana achemshaye mayai ya kuuza penye kituo cha magari. Kwa fedha hizo alinunua sukari, mafuta ya kupikia, na maandazi ya asubuhi. Baada ya miezi michache tulikutana naye njiani karibu na mfongo, kadi ya kliniki ya mtoto i mkononi mwake. Akasema, “Mwalimu, huyu mdogo haongezeki. Muuguzi ameniuliza mtoto anakula nini, nikamwambia uji, ndizi na chai ya rangi. Akaniuliza, na mayai? Nikamwambia, Mwalimu amesema ni sumu.”

Mama yule hakusema kwa ukali. Alitaka kujua tu. Tulisimama pale, tukaitazama kadi, na mstari wa uzito ulikuwa umelala kama njia ya tambarare, mahali pa kupanda kama njia ya Uru. Hatukuwa na la kumjibu. Tukamwomba muda wa kuuliza na kusoma, na haya mnayoyasoma ni matunda ya muda ule.

Tuanze na jambo lenyewe. Kolesteroli ni kitu cha namna ya nta, laini, kilicho katika mwili wa kila mtu na kila mnyama. Wengine huiita lehemu kwa Kiswahili, neno lile lile la mafundi wa bati. Wala si jina baya, maana kitu hiki nacho huganda na kushika. Lakini si adui. Mwili hujenga nacho kuta za vyumba vyake vidogo, hutengeneza nyongo ya kusagia mafuta tumboni, na hutengeneza vitamini D ngozi ipigwapo na jua. Mtu asiye na kolesteroli hawezi kuwa hai. Ndiyo sababu Muumba hakuiacha itegemee chakula peke yake: ini la mtu hutengeneza kolesteroli kila siku, na kwa watu wengi ile itokayo mwilini mwao wenyewe huipita mbali ile wanayoila.

Sasa, ninyi wa Uru mwaijua mifongo yetu, ile mifereji ambayo wazee waliichimba kutoka mitoni juu ikapita katika vihamba. Mfongo hujaa tope. Je, tope hilo latoka wapi? Mtoto akitupa konzi ya udongo majini, mzee atamkemea, na ni haki yake. Lakini tope linaloziba mfongo halikutoka katika konzi ya mtoto. Latoka huko juu, mahali kingo zilipobomoka na miti ilipokatwa, na laongezeka wenye zamu ya kuzibua wasipokuja kazini. Mishipa ya damu yafanana na hiyo. Kolesteroli ya yai ni konzi ya udongo. Haisemwi kwamba si udongo. Lakini mwenye kutaka mfongo safi na apande kwanza juu akatazame kingo.

Wenye kuzibua wapo pia. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kwamba juu ya vyumba vya mwili, na hasa vya ini, mna kama milango midogo inayoivuta kolesteroli mbaya kutoka katika damu. Mwenye milango mingi, damu yake husafika; mwenye milango michache, kolesteroli huzunguka muda mrefu mpaka ijipachike katika kuta za mishipa. Na kitu kinachoipunguza milango hiyo kuliko kolesteroli ya chakula ni yale mafuta mazito yanayoganda: mafuta ya nyama, siagi, samli, mafuta ya nazi na ya mawese. Hapo, wasomaji, ndipo penye kingo zilizobomoka. Sisi tulipoacha mayai hatukuacha supu yenye mafuta yanayoelea juu, wala nyama ya nguruwe ya siku za sherehe, wala ndizi za kukaanga. Tulipopimwa mara ya pili kolesteroli ilikuwa palepale, na kuku wa mjane walikuwa wametaga bure.

Kwa nini basi yai ndilo lililobeba lawama? Habari yake ni ndefu, nasi tutaikata. Mwaka 1913, katika mji wa St Petersburg huko Urusi, mtaalamu Nikolai Anichkov aliwalisha sungura kolesteroli, na mishipa yao ikajaa uchafu wa mafuta kama mishipa ya wazee wenye ugonjwa wa moyo. Lilikuwa jambo kubwa, na mpaka leo linaheshimiwa. Lakini sungura ni mla majani. Tangu kuzaliwa mpaka kufa haonji yai, na mwili wake haukuumbwa kuiondoa kolesteroli kama uondoavyo mwili wa mtu. Baadaye, mwaka 1968, chama cha Marekani cha magonjwa ya moyo kiliwashauri watu wasile kolesteroli zaidi ya miligramu 300 kwa siku, wala viini vya mayai zaidi ya vitatu kwa wiki. Yai moja kubwa lina kama miligramu 186, zote katika kiini. Ute hauna hata chembe. Kwa hesabu hiyo mayai mawili yalikwisha kuvuka mpaka, na woga ukaenea duniani kote, hata ukafika huku kwetu pamoja na dawa na vipimo. Miongozo ya chakula ya Marekani iliyotolewa kwa miaka ya 2015 hadi 2020 iliuondoa mpaka ule wa miligramu 300, ijapokuwa bado iliwataka watu wale kolesteroli kwa kiasi. Maneno ya woga yana miguu mepesi. Marekebisho yake hutembea kwa mkongojo.

Hapo katikati kuna habari ya mzee mmoja, nayo yafurahisha. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani waliandika juu ya mzee wa miaka 88 ambaye kwa miaka mingi alikula mayai 25 kila siku. Damu yake ilipopimwa, kolesteroli ilikuwa ya kawaida kabisa. Walipochunguza wakaona kwamba matumbo yake yalipokea sehemu ndogo tu ya kolesteroli ile, na mwili wake uligeuza nyingi kuwa nyongo. Hatumtaji ili mtu amwige. Hata kuku wa Uru nzima wangechoka. Twamtaja ili ijulikane kwamba mwili si debe, ukimimina humo lita moja upate lita moja.

Lakini ya nini kwenda mbali? Wasomaji wengi hawajui kwamba swali hili lilichunguzwa hapa hapa Afrika ya Mashariki, na baadhi yake karibu na mlima wetu.

Mwaka 1959 madaktari Shaper na Jones waliandika habari za Uganda. Walipima damu za Waafrika na za watu wa asili ya Kihindi waliokaa nchi ile. Kati ya Waafrika, kolesteroli ilikuwa chini na ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu haukuonekana kabisa. Kati ya Wahindi, kolesteroli ilikuwa juu na ugonjwa ule ulikuwa tatizo kubwa. Nao Waganda ni walaji wa ndizi kama sisi. Mtu angeweza kusema, “Ala! basi ndizi na mboga zisizo na mafuta ndizo dawa.” Naam, lakini ngoja kidogo.

Mwaka 1964 daktari George Mann na wenzake kutoka Nashville waliandika juu ya Wamasai wa Tanganyika, majirani zetu wa tambarare. Waliwapima wanaume 400. Hao hawakuishi kwa ndizi: chakula chao kilikuwa maziwa na nyama, yaani mafuta yale yale tuliyoyalaumu hapo juu. Walitazamia kukuta kolesteroli nyingi; wakakuta kidogo, na ugonjwa wa moyo haba. Mwaka 1971 wataalamu wengine walieleza kwamba Mmasai akiongezewa kolesteroli katika chakula, mwili wake huipunguza ile ya kutengenezwa ndani. Na mwaka 1972 Mann akaandika tena, baada ya kuchunguza maiti 50 za Wamasai, kwamba mishipa yao haikuwa misafi kama ilivyodhaniwa. Uchafu ulikuwamo, ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, hata damu ikapata njia. Mann alidhani kwamba kutembea kwao sana ndiko kulikoipanua.

Basi hapa pana mashahidi wawili, mla ndizi na mnywa maziwa, chakula chao hakifanani hata kidogo, na wote wawili moyo wao ulikuwa salama. Twaona sisi kwamba mwenye kutaka kuitundika hatia yote juu ya chakula kimoja, awe yai au mwingine awe maziwa, ana kazi ya kueleza jambo hili. Watu wale walitembea mchana kutwa, hawakuwa na vitambi, wala hawakununua vyakula vya dukani. Hata huku kwetu, uchunguzi uliochapwa mwaka 1993 juu ya vijiji vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara ulionyesha kwamba dalili za hatari ya ugonjwa wa moyo zilikuwa chache vijijini. Sote twajua kwamba tangu wakati ule mambo yamebadilika. Mtu aliyeshuka Moshi kwa miguu na mkungu wa ndizi kichwani sasa hushuka kwa pikipiki, na jioni hurudi na chipsi mayai katika mfuko.

Chipsi mayai! Hapa yatupasa kukaa kidogo, kwa sababu hiki ndicho chakula ambacho vijana wetu hukitaja wakisema, “Sisi twala mayai.” Yai moja lina mafuta kama gramu 5 tu, na katika hizo yale mazito yanayoganda ni kama gramu moja na nusu. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina gramu 14 hivi, karibu mara tatu ya mafuta yote ya yai. Sasa tazama kikaango cha kijana wa stendi: viazi vimekwisha kunywa mafuta mara moja, vinarudishwa kikaangoni pamoja na mafuta mengine, ndipo mayai mawili yanamiminwa juu, kisha chumvi. Mtu akila hayo kila siku akapanda damu, yai litashitakiwa, na kikaango kitatoka huru. Yai lilikuwamo nyumbani mwa wezi. Hatusemi halikuonekana huko, lakini tulitazame liko na nani.

Hilo ndilo linalowatatiza hata wataalamu wakubwa. Mwaka 2019 ilichapwa habari ya Wamarekani karibu 30,000, ikasema kwamba kila nusu yai linaloongezwa kwa siku lilifuatana na hatari ya ugonjwa wa moyo na mishipa iliyozidi kwa asilimia 6. Mwaka uliofuata ilichapwa nyingine, ya watu zaidi ya 200,000 wa nchi ile ile, ikasema kwamba yai moja kwa siku halikufuatana na hatari yoyote iliyozidi. Tumeulizwa: nani mkweli? Wote wawili walihesabu kwa uaminifu. Lakini Mmarekani apendaye mayai mara nyingi huyala pamoja na nyama ya nguruwe ya chumvi, na mkate wenye siagi. Kumtenga yai na rafiki zake kwa kalamu ni kazi ngumu. Wajapani hula mayai zaidi ya 300 kwa mtu mmoja kwa mwaka, na ugonjwa wa moyo kwao ni mdogo kuliko Marekani. Wao huyala pamoja na wali, samaki na mboga.

Na ile asilimia 6, walimu, waelezeni watu vizuri, maana tumesikia ikisemwa vingine kabisa. Si kwamba watu sita katika mia watauawa na yai. Maana yake ni hii: ikiwa katika watu 1,000 walikuwa waugue 100, basi kwa nusu yai zaidi kila siku wangeugua 106. Nayo ni kama kweli lawama ni ya yai, na si ya vile vilivyo kando yake.

Turudi sasa kwa mtoto wa mjane, maana huyu ndiye aliyetufanya tusome.

Ndizi ni chakula kizuri, nasi hatutakubali mtu aiseme vibaya mbele yetu. Lakini katika gramu 100 za ndizi mna protini, yaani chakula cha kujenga mwili, kama gramu moja tu. Mtoto wa miaka miwili ahitaji kama gramu 13 kwa siku. Tumbo lake ni dogo, hujaa ndizi kabla mwili haujapata haja yake. Yai moja dogo la kuku wa kienyeji humpa gramu 5, zaidi ya theluthi ya haja ya siku nzima, tena katika kitu cha kushikwa kwa mkono mmoja. Na ni kiini hicho hicho kinachotupwa mjini ndicho chenye vitamini A kwa macho, vitamini D kwa mifupa, na kitu kiitwacho kolini, ambacho ubongo wa mtoto unakihitaji unapojengwa. Mwenye kumpa mtoto ute na kukitupa kiini amempa maganda ya maharage.

Katika nchi ya Ecuador, huko Amerika ya Kusini, watoto wachanga wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita. Habari zao zilichapwa mwaka 2017: udumavu kati yao ulipungua kwa karibu nusu, ukilinganisha na wenzao wasiopewa. Tungeishia hapo tungekuwa tumefanya kosa lile lile la zamani, la kushika nusu ya habari na kukimbia nayo. Kwa maana jaribio la namna hiyo lilifanywa pia Malawi, katika wilaya ya Mangochi kando ya ziwa, na huko watoto wa mayai hawakuwapita wenzao kwa urefu. Watoto wa Mangochi walikuwa wakila samaki tayari. Yai humsaidia hasa mtoto ambaye sahani yake haina kitu kingine cha kujenga mwili. Mama mwenye maziwa ya ng'ombe, maharage na dagaa kila siku asihangaike akikosa mayai. Lakini mwenye ndizi na chai ya rangi, kuku wake wanne ni hospitali ndogo nyuma ya nyumba. Katika Tanzania nzima, uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hao hawakudumazwa na mayai.

Tena tukumbuke kwamba si mara ya kwanza mayai kuondolewa midomoni mwa wanawake na watoto. Katika Buganda ya zamani wanawake walikatazwa kuku na mayai, na wanaume wakala. Sehemu nyingi za Tanzania mama mjamzito aliambiwa akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Miiko hiyo twaicheka siku hizi. Kisha akaja mtu mwenye karatasi ya kipimo, akaleta mwiko mpya, nasi wenye kusoma ndio tuliokuwa wa kwanza kuutangaza.

Je, hakuna wa kujihadhari? Wako, nao wasikie vizuri. Wa kwanza ni mwenye ugonjwa wa kisukari. Uchunguzi mmoja mkubwa uliochapwa Marekani mwaka 1999 haukuona hatari kwa watu wazima wenye afya waliokula yai moja kwa siku, lakini kwa wenye kisukari hatari ilionekana kuzidi. Chunguzi za baadaye hazikukubaliana zote, basi na aongee na daktari wake juu ya idadi. Wa pili ni yule ambaye kolesteroli yake iko juu kwa kurithi, ambaye milango ile ya ini alizaliwa nayo michache. Watu wa namna hiyo hukadiriwa kuwa mmoja katika kila 300 hivi. Nyumba ambayo baba alikufa ghafula kwa moyo kabla ya miaka 55, na baba mdogo vilevile, isiseme “tumerogwa”. Watoto wapelekwe wapimwe damu. Wa tatu ni yule ambaye amekwisha kupatwa na ugonjwa wa moyo. Na yeyote aliyepewa vidonge vya kushusha kolesteroli asiviache kwa sababu ya ukurasa huu. Kwa mtu mzima mwingine mwenye afya, yai moja zima kwa siku halina neno. Hata chama kile cha Marekani kilichosema viini vitatu kwa wiki sasa husema hivyo. Mwenye kula mayai manne kila asubuhi kwa sababu tu anayo fedha, huyo hatuna neno la kumtetea.

Mengine tumeulizwa pembeni, nayo tutayajibu upesi. Kiini cha rangi ya njano sana cha kuku wa kienyeji hakina kolesteroli pungufu kuliko cheupecheupe cha kuku wa kisasa. Rangi yatokana na majani na mahindi ya njano aliyokula kuku. Mwenye kuwapa kuku wake dawa asiyauze mayai mpaka siku zilizoandikwa juu ya pakiti ya dawa zipite, maana dawa hupita ikaingia yaini. Mafuta ya kupikia mnaweza kuyajaribu wenyewe: iwekeni chupa nje usiku wa baridi ya mwezi wa saba. Yanayoamka yameganda ndiyo yale mazito. Ya alizeti, kama yale yatokayo Singida, hubaki maji.

Na ninyi wanakwaya mnaomeza mayai mabichi asubuhi ya sikukuu ili sauti ilainike, yai halipiti njia ya sauti, hupita njia ya chakula. Mwili hupata karibu protini yote ya yai lililoiva, na ya bichi hupata kama nusu tu. Tena katika yai bichi mwaweza kukaa vijidudu vya kuhara, na hakuna sauti ya tatu wala ya nne itakayoimbwa vizuri na mtu anayetafuta mlango.

Kwa mjane yule tulikwenda wenyewe, jioni, tukamweleza haya mbele ya wajukuu wake, na katika kikao kilichofuata tukasimama tukasema kwamba tulikosea. Mama mmoja akauliza kama sasa tuna hakika. Tukamwambia tuna hakika ya haya tuliyoyasoma, na likigeuka tutarudi kusema. Mtoto ameanza tena kula yai lake, la kuchemshwa likaiva, siku moja baada ya siku moja. Kadi ya mwezi huu mstari umeinuka kidogo. Kwa sasa kuku wawili kati ya wale wanne wameatamia, kwa hiyo mayai ni haba, na mama ameongeza maharage na kikombe cha maziwa kutoka kwa jirani mpaka vifaranga watoke.

Mwezi ujao tutajibu swali la chumvi na shinikizo la damu, ambalo limeletwa na wazee wawili wa Uru Mashariki. Mwenye swali lake na alipeleke kwa mwalimu wa kigango chake kabla ya tarehe 15.